Kageha na Mkwewe Katika Mashua Moja

Mtu akikuambia Kageha alikuwa mvivu, muulize yeye amefagia nini maishani. Yule mwanamke alifagia soko la Kariokor tangu ujana wake mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Vipande vya tairi, manyoya ya kuku, maganda ya ndizi, masalio ya ngozi, vyote vilipita mbele ya ufagio wake. Alitoka chumbani gizani, akarudi jua likiwa utosini, akakaa kizingitini na miguu kainyoosha mbele, nami nikamsogezea kikombe cha chai. Hatukuwa na salamu ndefu. Aliyechoka akimkuta aliyechoka, kuguna kunatosha.

Mimi ni Muhiba, mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Niliolewa nikaja Shauri Moyo, nikafiwa na mume, nikabaki na mwanangu Zubeiri, na sasa mkewe na watoto wao, wote chumba kimoja. Mimi hulala kando ya jiko. Nauza mahamri na mbaazi hapo mlangoni, na ukuta wangu na wa Kageha ulikuwa mwembamba hata akikohoa mimi nasema pole. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona, na mengine niliyabeba kwa mdomo wangu huu, kama utakavyosikia.

Kwao Kageha ni Maragoli. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mtoto mmoja tu wa kike, Phelister. Kwa vile hakuzaa wa kiume, ndugu za mume wakalima shamba lake mpaka karibu na mlango, kisha wakaulima na mlango. Nyumba ya kule ikawa mahindi. Kilichobaki ni chumba cha Shauri Moyo, nacho kilikuwa cha kazi. Ukiweka ufagio chini, unarudisha na ufunguo. Basi mwaka ule, uliofuata ile njaa tuliyokula mahindi ya manjano ya msaada, wakubwa wa soko wakamwambia umri umefika, mwisho wa mwezi atoke.

"Utakwenda wapi, Mama Phelister?" nikamuuliza.

"Nitajua huko mbele."

"Mbele wapi? Mbele ni Jogoo Road!"

Akacheka kidogo, akaanza kusugua goti lake. Nilimkasirikia, sikufichi. Mimi mtu akinyamaza wakati nyumba inaungua, namkasirikia.

Maana pa kwenda palikuwepo. Phelister aliolewa na kijana wa Kikamba, Nyamai, mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Walikuwa na nyumba yao kule Umoja, na ndani yake chumba kitupu, kitanda kimeshatandikwa. Phelister alikwisha kumlilia mama yake mpaka sauti ikamkauka. Lakini Kageha hakuwa ameingia nyumba ile hata siku moja. Mjukuu alipozaliwa aliletewa Shauri Moyo akamshika huku.

Ni mila. Kwao mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawaitani majina, na kuonana wakila ndiyo aibu ya aibu. Mama akionwa na mkwewe anatafuna, ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Na Wakamba nao, loh, ni wale wale, tena wamezidi. Nilimwambia, "Sisi wa Majengo mkwe ni mwana, unamtuma hata mkaa, na sinia ni moja." Akanitazama kama nimemtukania wazazi.

Siku moja tulikuwa tukitoka soko la Burma kununua matumbo, tukamwona Nyamai anakuja upande wetu. Kageha akaingia mlango wa kwanza aliouona. Ulikuwa wa kinyozi. Akaketi kwenye kiti, kitambaa akafungwa shingoni, wanaume wote wamekodoa macho, mpaka kijana akapita. Kinyozi akamuuliza, "Mama, tupunguze au tunyoe yote?" Mimi nilicheka nikakaa chini barabarani. Yeye hakucheka. Na yule kijana, kumbe naye alikuwa amevuka barabara mbio kidogo agongwe na lori, ili asimkute.

Kila mwisho wa mwezi Nyamai alileta sukari, unga na kipande cha sabuni, akaviacha kwangu. "Bi Muhiba, mpe mama. Mwambie namsalimu." Alisema hivyo akitazama viatu vyake, na Kageha yuko nyuma ya ukuta anasikia kila neno. Nikienda kumpa, ananijibu, "Mwambie nimeshukuru." Nikirudi, kijana ameshaondoka. Ndiyo maisha yetu yalivyokuwa, na mjumbe alikuwa mimi, bila mshahara.

Usidhani sikuuliza kama mwiko huo hauondoki. Unaondoka: mbuzi, blanketi, wazee wakae, mkwe na mama wapeane mikono mbele yao, yaishe. Lakini wazee ni akina nani? Ni wale wale waliolima mlango wake. Nyamai aliwapelekea mbuzi, wakamla, wakasema alikuwa mdogo. Kageha akasema basi, hatanadiwa tena na watu wale.

Sasa njoo kwenye mashua.

Kiwanda cha Nyamai kilikuwa na desturi ya kuwatoa wafanyakazi na jamaa zao mara moja kwa mwaka. Safari ile waliamua mtoni, Athi, huko mbele ya Thika, juu ya maporomoko ya mto huo. Palikuwa na mashua pana, bapa, yenye paa la turubai na meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, inakwenda polepole na watu wanakula chakula cha mchana huku wanatazama ndege. Kula juu ya maji! Niliona ni ujinga, na nchi kavu ipo tele.

Phelister akaja kwa mama yake. "Mama, Nyamai yuko zamu, haendi. Nafasi ziko wazi. Njoo na Bi Muhiba mpumzike hata siku moja kabla ya kuhama."

Nadhani lililompata ni hilo neno kupumzika. Kageha alikaa nalo kidogo, kisha akasema, "Nitakuja."

Na kumbe msichana amewadanganya wote wawili. Kwa mumewe alisema mama amekataa, ni Bi Muhiba peke yake anayekuja. Nyamai akatangulia alfajiri na lori la soda.

Basi la kiwanda lilitufikisha tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kageha alivaa gauni lake la kanisani, la buluu, mimi na buibui langu na leso mbili za akiba. Tulipanda kwa ubao, kanishika mkono kwa kuogopa maji, tukaketi meza ya mbele kabisa. Kamba ikafunguliwa, injini ikakohoa, ukingo ukaanza kutuacha. Hapo ndipo nyuma kule, kwenye kreti za soda, akainuka mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, chupa mikononi.

Chupa moja ikamponyoka ikavunjika. Watu wakapiga makofi, wakadhani ni mzaha.

Kageha alinyakua leso yangu akajifunika uso wote. "Muhiba, nishushe," akasema. Tangu tujuane hajaniita bila ya Bi.

Nikampigia kelele nahodha, Msomali mmoja mpole aitwaye Barre. "Rudi ukingoni! Huyu mama anashuka!"

"Mama, hapa hapana kushuka," akasema Barre. "Kwenye matete yale kuna kiboko na ndama wake. Tutarudi watu wakimaliza kula."

Phelister akapiga magoti mbele ya mama yake, mbele za watu. "Nisamehe, mama. Sikuwa na njia nyingine. Mwisho wa mwezi ni wiki ijayo. Utalala wapi? Niambie tu utalala wapi, nitanyamaza."

Kageha aliinuka, akageuza kiti chake kikatazama mto, akaketi, mgongo kwetu sote. Nyamai naye alikwenda mkiani kabisa, kando ya injini, akasimama kwenye moshi akitazama tulikotoka. Kati yao wamejaa watu wa kiwanda wanacheka, wanaimba, wanagombania vikombe.

Mandhari ni mazuri, sikatai. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, viota vya ndege vinaning'inia juu ya mto, masikio ya viboko yanatokeza na kuzama. Lakini nani alikuwa na macho? Mimi nilitazama mgongo wa rafiki yangu ukitetemeka kila mashua ilipoyumba, nikachoka kabla hata sijala.

Chakula kikaletwa. Wali, viazi, kachumbari, kuku, na samaki wa kukaanga. Kuku sikumjua mchinjaji wake, nikala samaki. Nilikula, ndiyo, hasira hainizuii kula. Sahani ya Kageha niliifunika kwa sahani nyingine. Mhudumu alimpelekea Nyamai yake, akatikisa kichwa, moshi ukimpita usoni. Mashua nzima ya chakula, na wenye njaa ni wawili tu, kila mmoja anamstahi mwenzake.

Phelister akanishika mkono. "Bi Muhiba, wewe ndiye mdomo wao siku zote."

Nikaenda nyuma. Nikarudi mbele. Nikaenda tena, magoti yananilia, mashua inayumba. Mara ya tatu nikakaa chini katikati, juu ya kreti, nikasema kwa sauti, "Hapa sisogei tena. Nyote mnasikia. Semeni, mimi nitakuwa nikiitikia tu."

Kisha Nyamai, bila kugeuka, akasema, "Bi Muhiba, mwambie mama chumba kipo."

"Ee," nikaitikia.

Mbele, Kageha akauambia mto, "Mwambie huyo mtoto wa watu asante. Chumba nimekisikia."

"Haya."

"Mwambie mama kina mlango wake. Nimetoboa ukuta upande wa barabara, nikaweka mlango na kufuli. Hatapita sebuleni."

Mimi nikaanza kuona mwanga, nikamkonyeza Phelister. Kisha Kageha akasema polepole, "Muulize vyoo ni vingapi."

Injini ilisikika vizuri sana hapo.

"Mwambie mama," akasema Nyamai, na sauti ilikuwa imeshuka, "ni kimoja."

"Basi," akasema Kageha.

Watu wa meza ya jirani wakacheka, nikawatazama, wakaacha. Kwangu mimi choo ni choo. Lakini nilikaa na mama huyu miaka mingi, nilijua alichokiona: anafungua mlango ule, kopo la maji mkononi, na mkwewe amesimama nje anangoja. Kwake, heri mvua ya Jogoo Road.

Nyamai akakohoa moshi. "Mwambie mama basi mimi nitahama. Nimeshasema na jirani yangu Irungu, ng'ambo ya barabara, ana chumba. Mama akae na Phelister na mtoto. Mimi nitakuwa nikija kuwasalimia mlangoni."

Phelister akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hilo mumewe hakuwa amemwambia.

Nilimtazama Kageha. Mgongo ule ulioinama ulijaribu kunyooka. "Mwambie," akasema, na akakwama, akaanza upya, "mwambie sikuzaa binti ili nije kumfukuzia mume nyumbani kwake."

Hapo mimi nikashindwa. "Sasa mnataka nini? Huyu hataki, huyu anahama, huyu analia! Mama Phelister, kwangu ningekupa nafasi, tukalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, lakini unajua mwenyewe, kwangu hata panya anapanga foleni. Sema basi! Utalala wapi? Sokoni, juu ya takataka ulizofagia?"

Nilijuta lilipotoka. Lakini Kageha hakukasirika. Aliishusha leso usoni, akaiweka magotini, akaikunja vizuri pande nne.

"Nimechoka," akasema.

Alilisema kwa Kiswahili, si kwa Kimaragoli chao yeye na binti yake, na si kwa kuniambia mimi. "Jamani, nimechoka. Nimechoka kufagia, nimechoka kujificha. Nimechoka hata kuona haya."

Akainuka. Akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza kikatazama ndani, kikatazama meza, kikamtazama na yule aliye nyuma. Akaketi. Akafunua sahani. Wali ulikuwa umepoa, mafuta yameganda pembeni. Akanawa kwa maji ya glasi, akachukua paja la kuku kwa mkono, akaliinua.

Nyamai alisikia kiti kikikwaruza sakafu, akageuka nusu, akaona. Wallahi, uso wake sijui niuseme vipi. Alifumba macho, akageuka upesi akampa mgongo. Kisha akachukua koti alilokuwa ameliweka begani, akalishika huku na huku kama mtu anayeanika shuka, akaanza kuja kinyumenyume. Kinyumenyume kati ya meza, anakanyaga watu miguu, anaomba radhi, koti kaliinua, mpaka kisigino kikagonga meza yetu. Akasimama hapo, mgongo kwa mama mkwe wake, uso kwa watu, amewakinga wasimwone. Ili mama ale.

Hakuna aliyecheka tena. Barre alipunguza injini.

Kageha alitafuna nyuma ya lile koti. Alitafuna na machozi yanashuka mpaka kidevuni, yanaingia kwenye wali. Nilirudi kando yake, nikamwona akimeza kwa shida, kama mtoto anayemezeshwa dawa. Alikula nusu, akatazama ule mgongo mrefu mbele yake, na mikono ile iliyoinuliwa ikianza kulegea.

"Nyamai," akasema.

Phelister aliruka. Hata mimi. Jina! Hajawahi kulitamka, hata kwangu alikuwa akisema huyo mtoto wa watu.

"Nyamai, shusha koti, mikono itakuuma. Keti ule. Chakula kinapoa."

Kijana hakusogea. Nikamvuta shati. "Kaa, baba. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Akaketi. Nilimsogezea sahani ya samaki niliyoibakisha. Walikula wote wawili, macho kwenye sahani, hakuna aliyemtazama mwenzake, mpaka mashua ikagusa ukingo.

Tukiwa njiani kurudi Kageha alinilalia begani. Karibu na Ruiru akaamka, akasema, "Bi Muhiba, leo nimekula mbele ya mkwe wangu. Mama yangu angekuwa hai angejifunika uso."

"Angekuwa hai angekupa chumba?"

"Hapana."

"Basi lala."

Lakini hakulala tena, na mimi pia. Nilijua ameacha kitu kule mtoni, na kwamba hakuna lori litakalokileta.

Mwisho wa mwezi alirudisha ufunguo. Tulibeba sufuria zake, godoro na ule ufagio ambao hakutaka kuuacha, tukaenda Umoja. Mlango wa upande wa barabara ulikuwepo kweli, umepakwa rangi ya kijani, rangi ya kiwanda. Nikawa namtembelea miguu ikiniruhusu. Alinenepa kidogo. Alikuwa akilala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku moja ya masika mvua ilinikuta kwake. Tuko dirishani tunakunywa chai, tukamwona Nyamai anatoka mlango wa sebule, suruali kaikunja, gazeti kichwani, anavuka tope la barabara mbio.

"Anakwenda wapi na mvua hii?" nikauliza.

"Kwa Irungu," akasema Kageha. "Chooni."

"Chooni? Na cha hapa?"

"Tangu nihamie hajaingia choo cha hapa. Alfajiri, usiku, anaumwa tumbo, anakwenda kwa Irungu. Nilimwambia kwa mdomo wangu, Nyamai, acha, yale yaliisha mtoni. Ananiitikia ndiyo mama, kisha anakwenda." Akaweka kikombe chini. "Bi Muhiba, siku ile nilidhani heshima yangu nimeitupa majini. Kumbe kuna mtu anavuka nayo barabara kila siku."

Tulimtazama mpaka akaingia kwa Irungu. Kageha akainuka, akishika ukuta, akatandaza gunia kavu mlangoni pa sebule, akaweka ndara za kijana juu yake, zikitazama ndani. Kisha akarudi chumbani akafunga mlango, ili mwanamume apite.